Binti Anaposema Anataka Kuigiza

Mji wa Mbale umelala chini ya mlima Wanale, nao mlima huo umesimama upande wa mashariki mfano wa ukuta mrefu. Mvua zikinyesha, maji huporomoka majabalini kwa nyuzi nyeupe, hata mtu aliyeko sokoni huziona. Katika nchi hii ya Wamasaba, kujionyesha mbele ya watu si jambo geni. Kila mwaka wa shufwa, msimu wa imbalu ukiwadia, ngoma za kadodi hulia, vijana hupakwa unga, hucheza barabarani kwa siku kadhaa, kisha husimama imara mbele ya jamaa zao pasipo kupepesa jicho. Hapana mzazi wa huko awezaye kusema kwamba hajui maana ya mtu kuutawala mwili wake huku umati ukimtazama.

Lakini mzazi huyo huyo, binti yake akimwambia jioni moja kwamba akimaliza masomo angependa kuwa mwigizaji wa sinema na televisheni, mara hukunja uso. Ndivyo ilivyo katika nyumba za raia huko Mbale, na ndivyo ilivyo pia katika nyumba za askari na polisi huko Jinja, pale mto Nile unapoanza safari yake. Mama huiweka sufuria chini akamtazama mtoto kwa mshangao. Baba naye, ikiwa yuko nyumbani wala hakupelekwa kazini mbali, hutamka neno moja tu: uhuni. Mazungumzo huishia hapo, na mtoto huenda kulala na siri yake.

Wazazi hao hawalaumiki moja kwa moja. Karo ya shule hutoka katika mshahara mdogo, na kila mtu hutaka mbegu aliyoipanda kwa taabu izae chakula. Uuguzi una mshahara wake, ualimu una mshahara wake, na jeshi lina mshahara wake. Kuigiza je? Swali hilo ni la haki, na njia bora ya kulijibu ni kuyatazama maisha ya mtu aliyeipita njia hiyo. Katika Afrika ya Mashariki, mtu huyo ni Bibi Lupita Nyong'o wa Kenya, ambaye alipata kuja Uganda akaivaa sura ya mama maskini wa mtaa wa Katwe.

Lupita alizaliwa tarehe 1 Machi, 1983, katika mji wa Mexico, mbali sana na Kisumu walikotoka wazee wake. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha elimu ya siasa huko Mexico. Profesa huyo si mgeni wa Uganda, kwani alisoma katika Chuo Kikuu cha Makerere. Alikuwa miongoni mwa watu waliodai demokrasia nchini Kenya katika miaka ambayo madai hayo yalikuwa na hatari yake. Baadaye akawa waziri, na mwaka 2017 akachaguliwa gavana wa Kisumu. Mama yake, Bibi Dorothy, ni mtu aliyejitolea sana katika vita dhidi ya ugonjwa wa saratani. Lupita ni wa pili katika watoto sita. Jamaa hao walirejea Kenya angali mtoto mchanga, akalelewa Nairobi. Alipokuwa na umri wa miaka 16, wazazi wake walimrudisha Mexico kwa muda wa miezi saba ili ajifunze Kihispania, lugha ya nchi alikozaliwa.

Yafaa isemwe wazi kwamba huyu hakuwa mtoto wa fukara. Alizaliwa katika nyumba yenye vitabu na yenye wazee waliosoma. Hata hivyo, nyumba njema haikumkinga na kila uchungu. Alikuwa na rangi nyeusi sana, naye aliona kwamba katika televisheni na katika magazeti waliosifiwa kwa uzuri walikuwa weupe, au angalau maji ya kunde. Mwenyewe alieleza katika hotuba yake ya Februari 2014 kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu usiku ili aamke asubuhi akiwa mweupe, na kila asubuhi alikimbilia kioo akakuta ni yule yule wa jana. Mtu aliyemfungua macho alikuwa Alek Wek, mwanamitindo kutoka Sudan ya Kusini, mwanamke mweusi kama yeye ambaye dunia ilianza kumsifu kwa uzuri wake. Lupita alipomwona huyo ndipo alipoanza kuamini kwamba hata yeye anaweza kutazamwa kwa heshima.

Jambo hilo si dogo kwa akina mama wa Uganda. Wapo mabinti wengi ambao senti zao za kwanza huishia katika vikopo vya dawa za kujichubua, na ngozi zao huharibika kabla hawajafika umri wa miaka 25. Mtoto hajifunzi kuichukia ngozi yake peke yake. Hufundishwa na maneno ya utani nyumbani, na pengine na mama mwenyewe anaposimama mbele ya kioo.

Hamu ya kuigiza ilimwingia Lupita mapema. Aliiona sinema ya The Color Purple, na ndani yake akamwona Whoopi Goldberg, mwanamke mweusi kama yeye, akifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa. Akajua kwamba kumbe yawezekana. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipanda jukwaani Nairobi pamoja na kikundi cha Phoenix Players, akacheza sehemu ya Juliet katika mchezo wa Shakespeare wa Romeo and Juliet. Baada ya shule ya sekondari alikwenda Marekani, akasoma elimu ya filamu na michezo ya kuigiza katika chuo cha Hampshire.

Hapa ndipo wazazi wanapopaswa kutazama vizuri, kwa sababu watoto wengi huona tuzo lakini hawaoni miaka iliyotangulia tuzo. Lupita hakuanza mbele ya kamera. Watengenezaji wa sinema ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, walipokuja kupiga picha nchini Kenya, yeye alikuwa mmoja wa wasaidizi wa kazi. Kazi ya msaidizi huyo ni kukimbia huku na huko, kuamka kabla ya wengine na kulala baada yao, kupeleka ujumbe na kuita watu. Katika kazi hiyo alizungumza na mwigizaji mkuu wa sinema hiyo, Mwingereza Ralph Fiennes, akamwambia kwamba hata yeye angependa kuigiza. Bwana huyo hakumbembeleza. Alimwambia asiingie katika kazi hiyo ila kama anaona hawezi kuishi bila ya kuigiza. Msichana mwingine angevunjika moyo. Lupita aliyachukua maneno hayo akakaa nayo, akajipima.

Mwaka 2009 alifanya mambo mawili. Kwanza, alionekana katika mchezo wa televisheni uitwao Shuga, uliotengenezwa Nairobi ili kuwafundisha vijana juu ya hatari ya virusi vya UKIMWI. Humo aliitwa Ayira. Pili, alitoa sinema yake mwenyewe ya mambo halisi, In My Genes, iliyoeleza maisha ya Wakenya wenye ulemavu wa ngozi. Yule aliyepata kuililia ngozi yake kwa weusi alikwenda kuwasikiliza watu wanaosumbuliwa kwa weupe wa ngozi zao. Baada ya hapo aliingia shule ya michezo ya kuigiza ya Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, ambako masomo ya uigizaji huchukua miaka mitatu ya kazi ngumu: sauti, pumzi, mwili, lugha na vitabu. Alihitimu mwaka 2012 na kupata shahada ya uzamili. Basi tangu siku ile ya Juliet hadi siku ya kuhitimu Yale ilipita miaka kama 15. Nani athubutu kusema kwamba huo ni uhuni?

Mara tu alipokuwa akimaliza Yale alipata nafasi katika sinema ya 12 Years a Slave, iliyoongozwa na Steve McQueen. Sinema hiyo yatokana na kitabu cha mwaka 1853 cha Solomon Northup, mtu mweusi huru wa Marekani aliyetekwa mwaka 1841 na kuuzwa utumwani Louisiana. Lupita alikuwa Patsey, msichana mtumwa aliyewashinda wanaume kwa kuchuma pamba, na ambaye uhodari wake haukumwepusha na mijeledi wala na tamaa ya bwana wake. Tarehe 2 Machi, 2014, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 31, alipewa tuzo ya Oscar kwa sehemu hiyo, akawa Mkenya wa kwanza kuipata kwa uigizaji. Aliposimama kushukuru alikumbusha kwanza kwamba furaha yake ilitokana na mateso makubwa ya mtu mwingine, yaani Patsey wa kweli. Kisha akawaambia watoto kwamba popote watokapo, ndoto zao zina haki ya kuwapo.

Lakini mzazi aliye macho ataendelea kuuliza juu ya hatari. Naam, hatari ipo, na Lupita hakuificha. Mwezi wa Oktoba 2017 aliandika katika gazeti la New York Times kwamba alipokuwa bado mwanafunzi wa Yale, mtengenezaji mkubwa wa sinema wa Marekani, Harvey Weinstein, alimtaka mambo ambayo hayakuhusu kazi, akimwonyesha kwamba milango ya sinema ingefunguka akikubali. Alikataa, akaondoka. Bwana huyo aliyakanusha maelezo yake, lakini wanawake wengi walijitokeza wakati huo kusimulia mambo kama hayo. Jambo la kukumbuka ni kwamba siku aliyokataa hakuwa na jina, hakuwa na fedha, wala hakuwa na sinema hata moja kubwa. Alichokuwa nacho ni masomo yake na jamaa ambao angeweza kurudi kwao bila aibu. Binti anayefukuzwa nyumbani kwa sababu ya ndoto yake hana pa kurudi. Huyo ndiye awindwaye kwa urahisi, naye mlango wa nyuma hufungwa na wazazi wake wenyewe.

Mwaka 2016 aliuacha utajiri wa sinema kwa muda akapanda jukwaani New York katika mchezo wa Eclipsed, ulioandikwa na Danai Gurira. Mchezo huo wahusu wanawake wa Liberia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliotekwa na kufanywa wake wa kamanda wa waasi. Msomaji aliyevaa sare atajua kwa nini habari hiyo yagusa. Vita vikisimuliwa, husimuliwa kwa majina ya makamanda na miji iliyotekwa; wanawake waliokuwa wakipika na kulia nyuma ya kambi husahauliwa. Uganda imepata kuona mambo hayo upande wa kaskazini, ambako wasichana walitekwa shuleni na majumbani. Mwigizaji akiifanya kazi yake ipasavyo, huwasemea watu ambao hakuna aliyewauliza kitu.

Mwaka huo huo wa 2016 ndipo ilipotoka sinema ya Queen of Katwe. Mwongozaji wake, Bibi Mira Nair, ni mzaliwa wa India mwenye makao Kampala. Mwaka 2004 alianzisha Maisha, mahali pa kuwafundishia vijana wa Afrika ya Mashariki kazi ya sinema. Habari ya sinema hii ni ya kweli. Phiona Mutesi alikuwa mtoto wa Katwe, Kampala, aliyeacha shule kwa kukosa karo akawa anauza mahindi barabarani. Alimfuata kaka yake mahali ambapo mwalimu Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto mchezo wa sataranji na kuwapa uji. Aliuendea uji, akakutana na sataranji. Mwaka 2010 alikuwa Urusi akiichezea Uganda katika mashindano makubwa ya dunia, na mwaka 2012 alikuwa Istanbul, Uturuki, akajipatia cheo katika mchezo huo.

Sehemu ya Phiona ilichezwa na msichana wa Kampala, Madina Nalwanga, ambaye naye alipata kuuza mahindi barabarani, na ambaye aliokotwa katika kikundi cha ngoma. Lupita hakuchukua sehemu ya shujaa. Alichukua ya mama, Nakku Harriet, mjane mwenye watoto wanne. Alikwenda kukutana na Harriet mwenyewe ili amjue, ingawa yeye Lupita hakuwa na mtoto wakati huo.

Na hapo ndipo kila mzazi wa Jinja au Mbale atakapojiona. Katika sinema hiyo Harriet hamwamini mwalimu wa sataranji. Binti yake mkubwa, Night, amekwisha kuondoka na mwanamume mwenye pikipiki. Mwanawe Brian amegongwa barabarani, na mama amemtoa hospitali kwa sababu hana fedha za kulipa. Mafuriko yameingia ndani ya nyumba. Mama wa namna hiyo akiambiwa kwamba mtoto wake ana kipaji, hafurahi, huogopa. Huogopa kwamba mtoto ataonjeshwa maisha ambayo mama hana uwezo wa kumpa, kisha atarudishwa Katwe akiwa hawezi tena kukaa Katwe wala hana pengine pa kwenda. Katika ukali ule wa Harriet mna upendo mtupu, na Lupita aliuonyesha kwa macho na kwa namna ya kutembea kuliko kwa maneno.

Mwishowe mama huyo hugeuka, lakini hageuki kwa sababu ya hotuba ya mtu. Humwona mwanawe akihangaika kutaka kusoma, ndipo huuza kitambaa chake cha thamani apate fedha za mafuta ya taa, binti apate mwanga wa kusomea usiku. Sinema inapomalizika, waigizaji husimama mmoja mmoja kando ya watu wa kweli waliowaigiza. Lupita husimama kando ya Harriet. Mmoja ni mtoto wa profesa, aliyesoma Yale na kutwaa Oscar. Mwingine alilea watoto kwa taabu huko Katwe. Ukiwatazama, huoni nani amemheshimu mwenzake zaidi.

Tangu wakati huo Bibi Lupita amefanya kazi nyingi. Ulimwengu ulimwona katika Black Panther mwaka 2018 na katika Us mwaka 2019, ambamo alicheza watu wawili kwa mpigo, mmoja mwema na mwingine wa kutisha. Mwaka 2024 alionekana katika A Quiet Place: Day One, na sauti yake ikasikika katika sinema ya katuni The Wild Robot. Mwaka 2019 aliandika kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, neno la Kiluo lenye maana ya nyota, kinachomhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao. Mtoto yule aliyeomba usiku aamke mweupe alirudi, akiwa mtu mzima, kuwafariji walio kama yeye.

Tena mwezi wa Julai 2025 alilisema hadharani jambo ambalo wanawake wengi huliona la aibu. Alieleza kwamba mwaka 2014, mwaka ule ule wa tuzo, aligunduliwa kuwa na uvimbe katika mfuko wa uzazi, akafanyiwa upasuaji. Aliwahimiza wanawake wasiyazoee maumivu wala kutokwa na damu kupita kiasi kana kwamba ndiyo desturi ya uanamke. Mama anayesoma ukurasa huu akiwa na dalili hizo, na afike hospitali asikawie. Na mume wake amsindikize.

Sasa binti akisema anataka kuigiza, mzazi afanye nini? Si lazima amkubalie yote siku hiyo, wala si lazima amkemee. Amuulize maswali aliyoulizwa Lupita: Je, waweza kuishi bila kazi hiyo? Uko tayari kuanza kwa kubeba na kukimbia? Utasoma miaka mingapi? Uganda ina mashindano ya muziki, ngoma na maigizo ya shule, na Makerere ina idara ya sanaa za maonyesho na filamu. Mtoto aanzie hapo, huku hesabu na lugha zikiendelea, kwa kuwa mwigizaji asiyejua kusoma mkataba wake ataibiwa. Na zaidi ya yote, aambiwe waziwazi kwamba akikutana na mtu mwenye kumtaka vibaya, anaweza kurudi nyumbani usiku wowote, na mlango utafunguliwa pasipo kuulizwa kwa nini ameikosa kazi.

Huko Mbale, msimu wa imbalu, mama wa kijana humtazama mwanawe akiwa amesimama peke yake mbele ya watu. Huogopa, lakini hamwambii akimbie. Husimama mahali ambapo kijana akiinua macho ataweza kumwona. Na binti naye anastahili kusimamiwa vivyo hivyo.